Skafu inageuka pembetatu kwa sababu bibi alikufundisha duara

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 43, naishi Kimara, Dar es Salaam. Bibi yangu alinifundisha kroshia kule Njombe nikiwa darasa la tano. Tulikuwa tukifuma vitambaa vya mezani na vya makochi, vile vya duara. Nilipoingia sekondari nikaacha. Mwaka huu tulipogawana vitu vya marehemu nikapata sindano yake, imeandikwa 1.25, na hamu ikarudi. Nataka kufuma skafu 6 za zawadi kabla ya Krismasi: ya mama aliye Njombe, shangazi wa Mafinga, wifi yangu aliye Minneapolis, Marekani, na mwanawe wa miaka 2, rafiki yangu wa Tanga, na bosi wangu. Nimebakiwa na wiki 11. Nimejaribu moja kwa uzi mnene wa sweta. Imeanza na upana wa viganja viwili, imeishia pembetatu, na ni ngumu kama kadibodi. Binti yangu anasema labda tufukuzie paka. Je, mikono imesahau? Na kusema kweli, mtu akipewa skafu ya kufumwa siku hizi hataona kwamba nimekosa hela ya dukani?*

Marahaba mwanangu, na pole kwa msiba wa bibi. Nilipomaliza kusoma swali lako nilichukua uzi na sindano, nikafuma mistari kumi nikijifanya mimi ndiye wewe: mwanafunzi wa vitambaa vya duara anayefuma skafu kwa mara ya kwanza. Ikapungua mishono kumi, mmoja kila mstari. Pembetatu yako nimeipata ilivyo.

Mikono yako haijasahau kitu. Kitambaa cha duara hakina pembeni. Unaanzia katikati na kuzunguka. Ukitumia mshono mrefu, mzunguko wa kwanza una mishono 12, wa pili 24, wa tatu 36. Ukiongeza 12 kila mzunguko kitambaa kinalala mezani. Ukizidisha kinatoa mawimbi kama sketi, ukipunja kinajikunja na kuwa kofia. Hayo nina hakika mikono yako inayafanya hata ukiwa unaongea na simu. Lakini bibi hakuwahi kukufikisha mwisho wa mstari akakwambia geuka, urudi ulikotoka. Hapakuwa na mwisho wa mstari. Skafu nayo ni kugeuka tu, zaidi ya mara mia moja. Kwa hiyo acha kujilaumu kwa kusahau. Hili unalijifunza leo kwa mara ya kwanza.

Kosa lenyewe linatokea hivi. Ukigeuka ili kuanza mstari wa mishono mirefu, unapiga cheni 3, yaani vitanzi vitatu vinavyofuatana, za kupandia. Kwa kawaida cheni hizo 3 huhesabiwa kuwa ndio mshono wa kwanza wa mstari mpya. Ukienda ukarudi, mshono wa mwisho unatakiwa kuingia juu ya zile cheni 3. Lakini zimejibana pembeni, nyembamba, hazifanani na mishono mingine. Jicho linaziruka, unageuka mapema, na mshono mmoja umepotea. Mistari 20 baadaye umepoteza mishono 20. Wengine hukosea upande wa pili: wanapiga cheni 3, halafu wanaingiza mshono kwenye tundu lile lile la kwanza, na skafu inatanuka kama mdomo wa tarumbeta. Kuna hata wanaofanya makosa yote mawili kwa zamu, upana ukawa sawa na pembeni pakawa kama meno ya msumeno. Hao ndio wagumu kuwarekebisha, maana hesabu yao inatimia.

Dawa ninayowapa wanafunzi wangu ni kuachana na huo utata kabisa kwa skafu mbili za kwanza. Tumia mshono wa kati badala ya mshono mrefu, na cheni za kupandia usizihesabu. Mfumo wake nitakuandikia mbele. Kwanza tumalize ugonjwa wa pili, huo ukadibodi, maana wenyewe nao umetoka kwa bibi.

Hiyo 1.25 ni milimita, unene wa chuma pale kwenye shingo ya sindano. Ni sindano ya uzi mwembamba wa pamba, ule wa vitambaa. Na kitambaa cha mezani kinatakiwa kuwa kigumu. Bibi alikaza uzi, kisha kikishafuliwa akakitia wanga na kukipiga pasi mpaka kikasimama. Wewe umechukua sindano ile ile na mkazo ule ule, ukavipeleka kwenye uzi mnene wa sweta. Naamini ulikuwa unaupasua uzi kila unapoingiza sindano, na jioni kifundo cha mkono kinauma. Skafu inataka kinyume chake, yaani kulala, kufuata shingo. Kwa uzi wa kati, ule ambao gramu 100 zake ni kama mita 200, nunua sindano ya milimita 5.5 au 6. Ukiona sindano iliyoandikwa herufi na namba, huo ni mtindo wa Kimarekani: H-8 ni milimita 5, J-10 ni milimita 6. Na wala usidanganyike ukaona sindano ya ndoano inauzwa kwa wauza nywele ukadhani umeokoa hela. Ile ya kusukia nywele za kroshia ina kilimi kinachofunga na kufungua. Ni nzuri kwa rasta, kwa skafu itakutoa machozi.

Kabla ya kuanza skafu yoyote fuma kipande cha majaribio, cha sentimita 12 kwa 12 hivi. Najua kinachosha. Kishike kona moja kwa vidole viwili. Kikianguka kama kanga iliyoanuliwa, sindano ni sahihi. Kikisimama, panda milimita nusu ufume tena. Na kama unajijua una mkono mkavu wa kukaza uzi kama wa bibi, mnyororo wa mwanzo tu, zile cheni za kuanzia, upige kwa sindano kubwa zaidi, halafu urudi kwenye ya kawaida. Usipofanya hivyo, ncha ya kuanzia itabana na ncha ya kumalizia itatanuka, na utarudi kwangu na pembetatu nyingine ya sababu nyingine.

Sasa uzi. Hapa ndipo zawadi inapofaulu au kufeli, kuliko kwenye mshono. Wengi wanachagua uzi kwa macho yao wenyewe, dukani, chini ya taa. Wewe chagua kwa shingo ya anayepewa na kwa beseni lake la kufulia.

Mama yako yuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya mwezi wa saba kule unaijua. Sufu halisi ingemfaa kwa joto. Lakini jiulize nani anafua pale nyumbani. Sufu ikikutana na maji ya moto na kusuguliwa, nyuzi zake zinashikana na kusinyaa, na hairudi tena. Skafu ya mita moja na nusu inakuwa kama soli ya kiatu. Utamwandikia mama maelekezo ya kufua? Mama yangu mimi angeyasoma, angecheka, kisha angeiloweka pamoja na mashuka. Kwa mama na shangazi chukua akriliki laini, au mchanganyiko wa akriliki na sufu. Mafundi wa mitandaoni wanaidharau akriliki. Mimi siidharau. Inavumilia beseni, haisinyai, ina rangi nyingi, na uzi wake unapatikana Kariakoo bila kuagiza. Ubaya wake ni kwamba nyingine inakwaruza, kwa hiyo usiipime kwa kiganja, maana kiganja cha mtu anayefanya kazi hakisikii. Pachika bonge la uzi kati ya shingo na bega, uzunguke nalo dukani dakika kumi. Muuzaji akikushangaa, mwache ashangae.

Wifi wa Minneapolis ni habari nyingine. Kule Januari maji ya ziwani yanaganda watu wakatembea juu yake. Yeye mfumie sufu, kwa sababu sufu hupasha joto hata ikiwa na unyevu kidogo wa pumzi na theluji, na anaishi na mashine yenye mzunguko wa kufulia vitu laini. Yake iwe ndefu, angalau sentimita 180, ajizungushie mara mbili na ibaki ncha ya kuingiza ndani ya koti.

Ukikosa sufu dukani, nenda kwenye mitumba. Sweta la sufu la kiume, kubwa, lililofumwa kwa uzi mnene, ni mabonge ya kutosha skafu mbili. Lakini ligeuze ndani uangalie mishono ya ubavuni kabla ya kutoa hela. Ukikuta vipande vimeunganishwa kwa uzi mmoja kama mnyororo, kila kipande kikiwa na pembeni yake nzima, nunua: unafumua ule mnyororo, kisha unafumua vipande kuanzia juu, na uzi unatoka mrefu. Ukikuta pembeni pamekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache. Kila mstari umekatwa, utapata vipande vya uzi vya upana wa sweta, mamia. Na lililosinyaa mpaka huoni vitanzi vyake halifumuki. Uzi ukishatoka utakuwa na mawimbi kama tambi za pakiti. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, ufunge sehemu nne, uloweke, kisha uanike kivulini ukiwa na kitu kizito kidogo chini. Utanyooka.

Na kama lebo imetoka, au muuzaji anaapa kwamba ni sufu tupu, kata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole ukichome kwa kiberiti juu ya sinki, ukikishika kwa koleo. Sufu inanuka nywele zilizoungua, moto unajizima upesi, majivu yanasagika. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Akriliki inayeyuka na kuacha punje nyeusi ngumu, na ndiyo maana nakuomba usiishike kwa vidole. Ukikuta dalili mbili pamoja, ni mchanganyiko.

Kitu kimoja kuhusu lebo, kisha niliache hili la uzi. Mbali na namba ya rangi kuna namba ya mpigo wa kutiwa rangi, yaani ya mabonge yaliyotiwa rangi kwa pamoja. Mabonge mawili ya maruni yenye namba tofauti yataonekana sawa dukani, na nyumbani yatakuonyesha mstari katikati ya skafu. Nunua yote kwa pamoja, namba moja.

Tuje kwenye orodha yako. Skafu sita kwa wiki 11 kwa mtu anayefanya kazi ni nyingi, na nitakuonyesha kwa hesabu. Kwa mkono wangu, sindano ya milimita 6 na mshono wa kati, sentimita 10 zina mishono 12 kwa upana na mistari 9 kwa urefu. Skafu ya sentimita 18 kwa 160 ni mishono 22 mara mistari 144, yaani mishono 3,168. Mkono unaorudi kazini unafanya kama mishono 8 kwa dakika. Hizo ni karibu saa sita na nusu za kukaa tu, bila kufumua ulipokosea, bila umeme kukatika, bila binti kuuliza sare iko wapi. Mara sita. Tena skafu ya nne itakuchosha, na uchovu unaonekana kwenye mishono.

Kwa hiyo fuma skafu tatu: ya mama, ya shangazi, ya wifi. Mtoto wa miaka 2 hapewi skafu ndefu. Inanasa kwenye bembea, kwenye mlango wa gari, na shingo ni shingo. Mfumie kofia, na hapo ndipo duara la bibi litakaporudi kazini: ongeza mpaka upana wa utosi, kisha acha kuongeza, itashuka yenyewe. Usiweke vifundo vya kuning'inia wala vifungo vya kung'oka. Bosi mnunulie kitu. Sisemi hivyo kwa dharau. Kazi ya saa saba kwa mtu ambaye hujui kama anavaa skafu, katika ofisi ya Dar es Salaam, ni kamari. Rafiki wa Tanga namrudia mwishoni.

Mfumo ni huu. Piga cheni 24. Ruka cheni 2 za kwanza kutoka kwenye sindano, anza kwenye ya tatu. Mshono wa kati ni hivi: zungusha uzi mara moja kwenye sindano, ingia tunduni, vuta kitanzi, sasa una vitanzi 3 kwenye sindano. Zungusha uzi tena, uvute kupita vyote 3 kwa mpigo mmoja. Endelea mpaka mwisho. Hesabu mishono: lazima iwe 22. Piga cheni 1 iliyolegea, geuka. Cheni hiyo haihesabiki, ni ya kupandia tu. Mshono wa kwanza unaingia kwenye tundu la kwanza kabisa, lile lililo chini ya cheni, na wa mwisho unaingia kwenye mshono wa mwisho. Chomeka pini ndogo ya nepi kwenye mshono wa kwanza wa kila mstari, uwe unaihamisha. Ukirudi, huruhusiwi kugeuka mpaka umeingia pale penye pini. Baada ya mistari 30 hivi jicho litauzoea na utaitupa.

Kuanzia mstari wa pili kuna pambo moja dogo. Ukitazama juu ya mshono utaona vitanzi viwili vimelala kama herufi V. Usiingie chini ya vyote viwili. Ingia chini ya kile cha nyuma tu, kilicho mbali nawe. Mshono wa mwisho peke yake ingia vyote viwili ili pembeni pasilegee. Vitanzi vya mbele vinavyobaki vinajenga mistari iliyoinuka, skafu inavutika kama shingo ya sweta, na kwa mbali watu wanadhani ni ya sindano mbili, zile ndefu za kufumia sweta. Mistari 144, au mpaka uzi wa bonge la pili ubakie kama mita mbili. Kwa uzi niliokutajia, mabonge 2 ya gramu 100 yanatosha, ya wifi ikitaka la tatu kwa sababu ya urefu na shada za nchani.

Ukitaka kujifunza mishono mingine kwenye video, tahadhari na lugha. Wamarekani na Waingereza wanatumia majina yale yale kwa mishono tofauti: mshono ambao Mmarekani anauita wa moja (single, huu wetu mfupi), Mwingereza anauita wa mbili (double), na wa mbili wa Mmarekani, huu wetu mrefu, ndio wa tatu (treble) wa Mwingereza. Ukisikia mtu anataja wa moja, jua anafuata Kimarekani, maana Waingereza hawana wa moja. Usipojua hili utafuma kitu kirefu mara mbili ya picha na kudhani umelaaniwa. Michoro ya alama haina shida hiyo, msalaba ni mshono mfupi kokote duniani.

Sasa lile swali ulilolificha mwishoni. Ndiyo, wapo watakaoiona ya kimaskini. Nikueleze yaliyonipata. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimfumia mama mkwe skafu nyeupe ya pamba, yenye matundu ya maua, nzuri kweli. Nilipokwenda kumsalimia niliikuta juu ya televisheni, imekunjuliwa vizuri, na chombo cha maua ya plastiki juu yake. Nilinuna mwezi mzima. Leo naona alikuwa sahihi. Kwetu kitu cheupe, chenye matundu, cha kroshia, ni kitambaa cha televisheni. Nilimpa kitambaa nikakiita skafu. (Televisheni za siku hizi zimekuwa nyembamba, angalau hatari hiyo imepungua. Makochi bado yapo.) Kwa hiyo ukitaka skafu ivaliwe, ifanane na kitu cha kuvaa: rangi iliyoiva, mshono uliojaa, upana usiozidi sentimita 20. Na chunguza koti au sweta analolipenda mama kabla hujachagua rangi. Watu hawavai zawadi, wanavaa kinachoendana na koti lao.

Kuhusu hela, kuna jambo wengi hawalijui. Sweta la dukani limefumwa na mashine, lakini kroshia halisi haina mashine ya kiwandani inayoifuma. Ziko zinazoiga sura yake tu. Kila kofia ya kroshia unayoiona dukani, hata ile ya bei ya kutupa, kuna mtu aliishika kitanzi kwa kitanzi. Jina lenyewe limetoka kwenye neno la Kifaransa la ndoano ndogo. Ireland, njaa kuu ilipoanza mwaka 1845 viazi vikioza shambani, familia nyingi zilipata chakula kwa lesi za kroshia zilizouzwa kwa matajiri, na masista wa Kikatoliki walikuwa miongoni mwa waliowafundisha wanawake na wasichana. Kwetu nako kazi hii iliingia sana kupitia shule za misheni na baadaye vipindi vya sayansi kimu, na sishangai bibi wa Njombe aliijua. Basi mtu akikuuliza kwa nini hukununua, mwambie ulinunua uzi, na uzi mzuri si rahisi.

Ukimaliza usifunge mafundo. Acha mkia wa sentimita 15, uupitishe ndani ya mishono kwa sindano butu yenye tundu kubwa, kwenda, kurudi, na kwenda tena, ndipo ukate. Skafu ya sufu iloweke kwenye maji ya uvuguvugu, ikamue ndani ya taulo bila kuisokota, uilaze kwenye mkeka na kuipanga pembeni kwa mikono ikauke. Ukiianika kwenye kamba ingali imelowa itarefuka mpaka magotini. Ya akriliki usiiguse na pasi hata kidogo: inalegea na kung'aa kama nailoni, na hakuna kuirudisha. Ya wifi tuma mapema na mtu anayesafiri. Gramu 300 hakuna anayezikataa kwenye begi lake.

Na sindano ya bibi? Usiiweke kwenye kabati la vioo. Rafiki yako wa Tanga hana baridi ya kuvalia skafu, lakini mtandio wa pamba anavaa. Mnunulie mtandio mmoja mzuri usio na urembo, na uzi wa pamba namba 20, ule wa vitambaa. Kwenye uzi huo namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba. Kwa sindano ya kushonea nguo na uzi huo huo, zungusha pindo lote kwa mshono wa blanketi, nafasi ya nusu sentimita. Kisha shika ile 1.25. Mzunguko wa kwanza: mishono mifupi 2 katika kila nafasi, 4 kwenye kona, na ujipange ili jumla igawanyike kwa 6. Mzunguko wa pili: mshono mfupi, ruka miwili, weka mishono mirefu 5 kwenye tundu moja ifunguke kama kombe, ruka miwili, mshono mfupi tena. Hapa mkono mkavu wa bibi unatakiwa, makombe yasimame. Na huu ni mzunguko, mwanangu, hakuna kugeuka.

Lakini anza na ya mama. Ukifika mstari wa kumi hesabu kabla ya kulala, na kama si 22 fumua usiku huo huo.